Kila Kitu Isipokuwa Wali

Mama mkwe wangu alinifundisha kupika kila kitu isipokuwa wali. Viazi vya uwatu, achari ya figili, majani yaliyochachushwa yakakaushwa juani, hata vile vitumbua vya mviringo vya sikukuu ambavyo vimewashinda wanawake wengi wa kwetu Palpa, milimani Nepal, waliozaliwa jikoni. Wali na dengu vilikuwa vyake. Havikuwa vyangu kwa sababu yeye alikuwa Mbramini, wa tabaka la juu, na mimi ni Mmagar, wa tabaka la chini yake, na mambo hayo yalipangwa zamani na watu wenye vitabu. Mimi sikuwahi kuonyeshwa ukurasa.

Msinielewe vibaya. Mmagar si mtu wa kufukuzwa mlangoni. Maji niliyochota mimi aliyanywa. Mboga niliyoikaanga kwa mafuta aliila. Ila nafaka ikishachemshwa kwa maji na mkono wangu, basi, hata ing'ae kama lulu, kwake ilikuwa uchafu.

Nilitoroka na mwanawe Narahari nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulionana kwenye gulio la Tansen, tukaonana tena, ya tatu sikurudi kwetu. Kwetu mama yangu alisonga ugali wa mtama na kupika pombe, na mimi nilichunga mbuzi. Sikujua kukaanga yai bila kuligeuza mkaa. Tulipofika kwao, mama yake, Tulasa, alikuwa amesimama mlangoni, kikono chake chembamba juu ya mwimo.

"Jina?"

"Dilsara."

"Ukoo?"

"Ale, mama."

Alinitazama kuanzia kisigino mpaka utosini, kisha akamgeukia mwanawe. "Wasichana wote wa milima hii wameisha?" Akaingia ndani. Kesho yake aliposiriba sakafu ya jiko kwa udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake, alichora ukingo mnene kukata chumba. Mafiga yake yakabaki upande wa pili. Upande wangu kulikuwa na mlango na baraza, na kwenye baraza nikajengewa mafiga yangu.

Kwa Wabramini bibi arusi huingizwa katika ukoo siku anapowapakulia wakubwa wali na wao wakala. Siku yangu haikuwekwa. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, lakini miaka ilipita nikiwa kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Katika nyumba ile nilitaka kitu kimoja tu: yule mwanamke ale wali wangu, japo tonge moja, akijua ni wangu.

Kupika mboga alinifundisha kwa ubinafsi, maana ilibidi aile. Alikaa upande wake wa ukingo, mwiko mkononi kama mwalimu na fimbo, mimi upande wangu, na sufuria katikati ya macho yetu. Mara ya kwanza nilipomimina uwatu kwenye mafuta ya haradali nikaona mbegu zinakuwa nyeusi, niliepua mbio.

"Rudisha motoni!"

"Zinaungua, mama."

"Haziungui, zinaiva. Umeona weusi ukaogopa? Ngoja zitoe harufu. Bado. Bado nimesema! Sasa tia viazi. Wewe, ukiiogopa sufuria, hata sufuria itakudharau."

Mdomo ule! "Huu ni mchuzi au maji ya kuogea?" "Kwenu chumvi mnatia kwa koleo?" Siku moja nilisahau manjano akasema viazi vyangu vina sura ya maiti. Nililia sana mwaka ule, na sikulia kwa moshi. Lakini nikasikia anachosema. Nikajua mafuta ya haradali yakiacha kuwasha macho ndipo yako tayari. Nikajua mvuje unatiwa mwisho na kwa ncha ya kidole. Nikaacha kukimbilia kuonja, nikawa najua chumvi imekolea kwa mvuke tu. Kisha ikaja asubuhi alipokula mboga yangu yote asiseme neno. Kwa mtu mwingine kimya si kitu. Kwa Tulasa kilikuwa nishani, na mimi niliosha sahani yake siku ile nikiimba.

Baadaye hata aliwapa wageni achari yangu. Wakiuliza ni ya nani, alijibu, "Ya nyumbani."

Wali nilijifunza kwa wizi. Nilikaa mlangoni nikichambua mchele, jicho kwenye chuya na jicho kwake. Aliosha mara tatu, maji ya tatu akampa ng'ombe. Alipima maji kwa pingili ya kidole. Hakufunika mpaka vishimo vionekane juu ya wali, kisha akavuta kuni, akapalia makaa na kuuzungusha mtungi wake wa shaba robo kwa robo, akiusikiliza. Ndiyo, akiusikiliza. Wali ukibakiza maji hutokota, yakiisha hutatarika, na kati ya hayo mawili kuna kimya kifupi, hapo ndipo unaepua. Niliyafanya yote hayo barazani kwangu. Mwanzoni nilipata bokoboko, nikapata wali wenye kiini, nikapata ukoko mtupu. Narahari alikula vyote bila kusema, maana alikuwa mtu wa kutosema. Baada ya miaka miwili mitatu, kila punje ya wali wangu ilikuwa haigusani na jirani yake.

Binti yangu Anjana alipoanza kuongea vizuri alimuuliza bibi yake, "Bibi, kwa nini sisi tuna sufuria mbili za wali?"

"Moja ya miungu," akajibu, "moja ya njaa."

Narahari akaenda Uarabuni kuendesha malori, akawa anarudi kila baada ya miaka miwili na blanketi jipya. Mimi nikafungua hoteli ndogo kwenye kona ya barabara, pale basi za Butwal zinaposimama watu wanyooshe miguu. Meza tatu, wali, dengu, mboga, achari. Ndani ya mwaka mmoja madereva walikuwa wakipita hoteli nne bila kusimama ili waje kwangu. Wali wa dada Dilsara, walisema, unaweza kuuhesabu. Walikuja walimu, makarani, Wabramini wenye uzi mtakatifu begani. Walikula, wakalamba vidole, wakaomba nyongeza. Hakuna aliyeuliza ukoo wa sufuria. Mimi, mchunga mbuzi, nilikuwa nasimama mbele ya mafiga matatu kwa wakati mmoja nikitania abiria na sikosei moja. Barabara nzima ilikula mkono wangu, kasoro bibi mmoja aliyekaa hatua mia mbili juu ya kilima, akijichemshia kikombe chake cha mchele peke yake.

Mwalimu Bhusal, Mbramini mwenzake, alikula kwangu sahani mbili kisha akapanda kwenda kumwamkia.

"Mama Tulasa, una mkaza mwana wa dhahabu. Wali ule!"

"Bhusal," akamwambia, "umekula barabarani, basi na mdomo wako uache huko huko. Usiniletee mlangoni."

Mwaka mmoja, sikukuu ya Dashain, Narahari akiwepo, niliamua kuomba. Nilioga alfajiri, nikavaa nguo mpya isiyoshonwa, kama Wabramini watakavyo jikoni, nikafunga, nikapika mchele mpya wenye harufu, nikautia samli ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Nikauweka kwenye ukingo, sikuuvuka.

"Mama. Leo tu. Tonge moja."

Aliutazama ule wali kwa muda mrefu. Nakwambieni, aliutamani. Niliona koo lake likimeza.

"Una mkono kuliko wangu," akasema. "Hilo sikatai. Lakini mimi nikifa naenda kwa mume wangu na baba zake. Watanusa. Nikila huu, nani kule atapokea maji yangu? Wewe utanipokelea?"

"Mama, sheria imekataza mambo haya," nikasema, kwa sababu sikuwa na jingine.

"Sheria ije ile."

Nikamtazama Narahari. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Katika ndoa yetu hakuna kitu alichokijua vizuri kama vidole vile. Nikaurudisha wali barazani, nikala mimi na Anjana, na kwa mara ya kwanza sikusikia ladha yake.

Miaka ikaenda. Anjana akaenda Katmandu kusoma uuguzi. Mama mkwe akaanza kusahau. Mwanzo ni vijambo vidogo: anatia chumvi mara tatu, anainjika mtungi bila maji. Kisha akaanza kumwita paka kwa jina la marehemu mumewe, nikacheka, Mungu anisamehe. Siku aliyoanguka mafigani akaungua kiganja, niliuzima moto wake mimi mwenyewe, nikamwambia sasa nitampikia mimi. Lakini kusahau kwake kulikuwa na ujanja: alisahau mwezi, akasahau kama amekula, na ukingo hakuusahau.

Akakataa wali wangu. Akala pepeta kavu, ule mchele uliopondwa bapa, na maziwa, kwa sababu pepeta haihesabiwi kuwa imechemshwa na mimi. Nikamwomba Yamuna, jirani yetu, mjane wa Kibramini, awe anampikia. Yamuna ni mtu mwema, lakini wali wake! Upande bokoboko, upande kiini, na chini umeshika. Nilisimama mlangoni nikimwona mama mkwe wangu, mwanamke aliyeweza kukosoa harufu ya moshi, akiutafuna ule msiba.

"Mtamu," akasema.

Mtamu! Niliondoka nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuwa na haja ya kupasuliwa.

Kisha mwana wa Yamuna akamchukua kwenda kuishi naye Butwal, na bibi akarudi kwenye pepeta. Akakonda. Mabega yakawa kama kitu kilichotundikwa kwenye msumari. Nikampigia simu wifi yangu Sharada, binti yake wa pekee, aliyeolewa Chitwan na ambaye hakuwa amekanyaga kwetu miaka sita.

"Njoo japo wiki mbili umpikie mama yako."

"Jamani wifi, mwezi huu ng'ombe wangu anazaa. Na mgongo huu! Kwani wewe si mpishi mkubwa siku hizi? Mpikie tu. Hatajua."

Hatajua. Miaka ishirini na minne nimesubiri ajue, leo naambiwa faida ni asijue. Nilikata simu bila kuaga.

Lakini mtu alikuwa anakufa kwa njaa katika nyumba yenye mchele. Asubuhi iliyofuata nilioga, nikavaa nguo yake ya kupikia, nikauvuka ukingo. Sikuomba ruhusa ya mungu wala ya mtu. Niliwasha moto wake, nikashika mtungi wake wa shaba kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mtungi mzuri. Ulisema mapema kuliko sufuria zangu. Nilipima, nikavuta kuni, nikazungusha, nikasikiliza, nikaepua. Nikampakulia na dengu zilizotiwa jira na samli, nikamwekea mbele na kukaa nikingoja anitemee.

Aliinua macho. Uso wake wote ukafunguka.

"Sharada! Umefika saa ngapi, mwanangu?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi kujibu. Lakini alikwisha kufinyanga tonge. Akala. Akala kama mtu anayerudi nyumbani kutoka safari, macho amefumba, mchuzi unamtiririka hadi kiwikoni.

"Wali huu," akasema. "Wali huu! Nani kakufundisha kuutuliza hivi? Enzi zako ulikuwa unaniunguzia mitungi."

"Mama," nikasema. "Mama ndiye kanifundisha."

"Basi nilifanya kazi." Akacheka, akainama kwangu, akanong'ona kwa siri, "Sasa umekuja, usimwache yule Mmagar akanyage humu. Ni mtu mzuri. Lakini usimwache."

Kwa miezi miwili alikula. Mashavu yakarudi. Kila asubuhi nilivaa nguo ile, kila asubuhi Sharada alisifiwa. Sharada ana mkono. Sharada ana subira. Mungu ambariki Sharada, na ng'ombe wa Sharada, ambaye nadhani alikwisha kuzaa na kulea na kuzaa tena. Mama mkwe wangu alinishika kidevu. Katika maisha yangu yote nyumbani mle hakuwahi kunigusa, na sasa alinishika kidevu kwa vidole vyenye wali wangu akanibariki kwa jina la mtu mwingine. Jioni nilikwenda hotelini madereva wakanisifu, na sifa zao zikawa hazina chumvi.

Ningevumilia. Nilikuwa nimeshavumilia makubwa. Ila asubuhi moja, anakula sahani ya pili, akasema hivi, taratibu, kama mtu anayetoa hukumu ya haki:

"Yule mke wa Narahari kukaanga anajua, simnyimi. Wali ndio hawezi. Wamagar hawana mkono wa wali."

Nikasikia kitu kinakatika.

"Mama, nitazame. Mimi si Sharada."

"Eti?"

"Mimi Dilsara. Dilsara Ale. Sharada hajaja, miaka sita hajaja. Wali huu nimepika mimi. Wa jana mimi. Wa juzi mimi. Miezi miwili yote unakula mkono wa Mmagar, na unaomba nyongeza!"

Nilisema kwa sauti ya juu. Nilitaka majirani wasikie, nilitaka mafiga yasikie. Akanitazama, na nikaona akili inamrudia kama taa inavyorudi baada ya umeme kukatika, yote kwa mara moja. Alinijua. Alitazama nguo niliyovaa, akatazama mtungi, akatazama mkono wake wenye wali.

"Dilsara," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina langu tangu aliponiuliza siku ile mlangoni. "Dilsara, umenifanya nini?"

Akatia kidole kooni. Nikamshika mikono, akanishinda, mwanamke wa kilo thelathini na tano, akatapika pale sakafuni aliposiriba miaka hamsini. Kisha akalia. Hakulia kwa hasira, hasira ningeijibu. Alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, anamwita mumewe, anamwomba msamaha, anamwambia hakujua, hakujua. Akataka maji yaliyoguswa na dhahabu ajitakase. Nilivua kipini changu cha pua, sikuwa na dhahabu nyingine karibu, nikakichovya kwenye kikombe nikampa. Akasukutua, akajinyunyizia kichwani, akalala akigeukia ukuta. Siku nzima hakula wala hakunywa.

Mimi nilisafisha sakafu. Nikakaa upande wa baraza, mgongo kwenye mwimo. Kile nilichokitaka nilikuwa nimekipata chote: alikula, alijua, na jina langu alilitaja. Nilikaa pale na ushindi wangu mpaka jua likahama kutoka uani, nikisikiliza kama bado anapumua.

Asubuhi nilisikia anagonga sahani kwa vidole.

"Sharada! Sharada we! Mnaniua kwa njaa? Tangu jana sijatiwa kitu mdomoni."

Nilisimama mlangoni na nguo yangu ya hotelini, ile ya maua, ambayo hakuna Mbramini angeivaa jikoni. Nilingoja pale nimpe nafasi ya kuniona vizuri. Akanyoosha shingo, akanitazama, akatabasamu.

"Upo hapo mwanangu. Njoo unipikie."

Nikaenda kuoga. Nikavaa nguo yake. Niliosha mchele mara tatu, nikapima kwa pingili ya kidole, nikausikiliza mpaka ukanyamaza, nikaepua, nikampakulia. Alikula tonge la kwanza akatikisa kichwa kwa raha.

"Na yule mwenzio?" akauliza. "Yule wa Narahari. Leo sijamsikia barazani."

"Ameondoka, mama," nikasema. "Amerudi kwao. Harudi tena."

"Afadhali," akasema, akanisogezea sahani nimwongezee.